Madaktari wa Miji Midogo (2): Madeni ya Mzee Mayo

Jioni ya tarehe 21 Agosti 1883, ndugu wawili walikuwa njiani kurudi mjini Rochester, katika jimbo la Minnesota, Marekani, wakiendesha gari la farasi. Mkubwa, William, alikuwa na miaka 22 na shahada ya udaktari aliyoipata mwaka uleule. Mdogo wake, Charles, alikuwa na miaka 18. Walikuwa wametoka machinjioni kutafuta kichwa cha kondoo, kwa sababu walitaka kujizoeza upasuaji wa macho, na jicho la kondoo humfaa mwanafunzi ambaye bado hajathubutu kumgusa binadamu. Hawakukipata. Hali ya hewa ilikuwa imechafuka, na msimamizi wa machinjio aliwahimiza wakimbilie nyumbani, naye akafunga.

Walikuwa wamekwisha kuvuka daraja pale kimbunga kilipowafikia. Inasimuliwa kwamba kipande cha paa la hoteli kilianguka mbele yao na kuvunja gari, nao wakajibanza katika karakana ya mhunzi hadi upepo ulipopita. Walipotoka, upande wa kaskazini wa mji ulikuwa kifusi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na waliojeruhiwa walifika 200. Mji ulikuwa na wakazi kama 5,000, lakini hospitali haikuwapo hata moja.

Majeruhi walilazwa popote palipokuwa na paa: majumbani, hotelini, kwenye nyumba ya watawa, hata katika ukumbi wa dansi. Aliyekabidhiwa kuusimamia ukumbi huo alikuwa baba wa vijana wale, Daktari William Worrall Mayo, mzee wa miaka 64, mfupi wa kimo kiasi kwamba wenyeji walimwita “daktari mdogo”.

Jina la Mayo siku hizi linafika mbali. Kliniki inayolibeba hupokea wagonjwa kutoka kila bara, na katika Ghuba iliwahi kuingia ubia wa hospitali kubwa mjini Abu Dhabi. Lakini mfululizo huu unahusu madaktari wa miji midogo, kwa hiyo tunamrudia mzee mwenyewe, kabla ya marumaru na maghorofa. Maisha yake tunaweza kuyasoma kama mwenye duka anavyosoma daftari la mkopo. Ukurasa wa aliyowatendea watu ni mrefu. Ule wa anayodaiwa ni mrefu zaidi, na baadhi ya wadai wake walikaa zaidi ya karne moja bila kulipwa.

Fundi cherehani mwenye shahada

Katika sehemu ya kwanza tuliona namna mtu alivyoweza kuwa daktari Marekani katikati ya karne ya 19: mihula michache ya mihadhara, na muda wa kumfuata daktari mzee kwa miguu yake. Mayo alipita njia hiyohiyo, ila kwa kuzungukazunguka kuliko wengi. Alizaliwa tarehe 31 Mei 1819 karibu na Manchester, Uingereza, mji wa viwanda vya pamba, na ujanani alipata masomo ya sayansi kwa John Dalton, yule mkemia maarufu kwa nadharia ya atomu. Katikati ya miaka ya 1840 alivuka bahari. Akafanya kazi ya kuchanganya dawa katika Hospitali ya Bellevue, New York, kisha akaenda Indiana, na huko akaishi kwa kushona nguo.

Mwaka 1850 alihitimu udaktari katika chuo kidogo mjini La Porte, Indiana. Mwaka uliofuata alimwoa Louise Abigail Wright. Wangekaa Indiana hadi uzeeni kama si malaria, iliyokuwa imeenea kwenye mabonde ya mito ya jimbo hilo. Homa ilimpanda na kumshuka hadi akachoka. Mwaka 1854 alifunga farasi kwenye gari lake, na husimuliwa kwamba aliapa kutosimama mpaka apone au afe. Alisimama St. Paul, Minnesota, penye baridi isiyovumiliwa na mbu wa malaria kwa muda mrefu wa mwaka. Familia ikamfuata.

Daktari mpya katika nchi mpya hakuwa na wateja wa kutosha kununua mkate. Louise alifungua duka la kofia za wanawake, nalo likasaidia kulisha nyumba. Mume naye alijaribu kila kitu. Walipohamia Le Sueur, kijiji kilicho kando ya mto Minnesota, alilima, akaendesha kivuko, akafanya kazi kwenye boti ya mvuke, akaanzisha gazeti ambalo halikuishi muda mrefu, akawa hakimu wa kesi ndogondogo na kutibu mifugo. Mwaka 1859 alijenga nyumba kwa mikono yake. Bado ipo, na ni jumba la makumbusho.

Wagonjwa walipofika na daktari yuko safarini, Louise ndiye aliyewapokea, akafunga majeraha na kuwapa ushauri alioujua. Hakuna chuo kilichompa cheti.

Anayesimama Mawinguni

Kiangazi cha 1862 kilikuwa cha njaa kwa Wadakota, wenyeji wa Minnesota. Kwa mikataba ya 1851 na 1858 walikuwa wamepoteza karibu ardhi yao yote, wakabaki na ukanda mwembamba kando ya mto na ahadi ya malipo ya kila mwaka. Mwaka ule malipo yalichelewa, na wafanyabiashara wakakataa kuwakopesha chakula kilichokuwa kimejaa maghalani. Mwezi Agosti vita vikazuka. Mamia ya walowezi waliuawa, na mji wa New Ulm ukashambuliwa mara mbili.

Mayo alikwenda New Ulm kutibu majeruhi. Huku nyuma Louise alijaza nyumba na ghala wakimbizi, na husimuliwa kwamba aliwavalisha wanawake nguo za kiume na kuwashikisha vipini vya majembe, ili kwa mbali waonekane kama askari wenye bunduki.

Baada ya wiki sita vita vilikwisha, na mahakama ya kijeshi ikaketi. Kesi nyingine zilimalizika kwa dakika chache. Watu 303 walihukumiwa kifo. Rais Abraham Lincoln alipitia majalada akapunguza idadi, na tarehe 26 Desemba 1862, siku moja baada ya Krismasi, wanaume 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Hadi leo historia ya Marekani haijaandika siku nyingine ambayo watu wengi kiasi hicho walinyongwa kwa pamoja.

Walizikwa katika kaburi moja la kina kifupi kwenye mchanga wa mto. Usiku uleule madaktari walikuja na koleo.

Msomaji wa leo ataona ushetani mtupu, lakini jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake. Elimu ya mwili wa binadamu ilihitaji maiti, na sheria nyingi za wakati ule hazikutoa njia ya halali ya kuzipata. Vyuo na madaktari walitegemea makaburi ya wasio na wa kuwatetea: maskini, Waafrika waliokuwa watumwa, waliohukumiwa kifo. Aliyekuwa na ndugu wenye nguvu alilala salama. Aliyekosa, kaburi lake lilikuwa mlango usio na komeo.

Mwili uliomfikia Mayo ulikuwa wa Marpiya Okinajin, jina ambalo maana yake ni Anayesimama Mawinguni. Walowezi walimwita Pua Iliyokatwa. Mifupa yake ilisafishwa na kuwekwa katika ofisi ya daktari, na kwa mifupa hiyo William na Charles walijifunza, tangu utotoni, jina la kila kiungo. Wanafunzi wengi wa udaktari wa zama zile walifika chuoni bila kujua mfupa wa paja unakaaje ndani ya nyonga. Wana wa Mayo walikwenda wakijua. Deni hilo aliyekopwa hakuombwa idhini, wala ukoo wake.

Rehani ya nyumba

Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Mayo aliteuliwa kuwapima afya vijana walioandikishwa jeshini kusini mwa Minnesota. Kituo kilikuwa Rochester, mji wa wakulima wa ngano ambao reli ilikuwa ikiukaribia. Mwaka 1864 familia ilihamia huko, na mwaka 1865 Charles akazaliwa. Kuhamahama kukaisha.

Kazi ya daktari wa shamba ilikuwa ya usiku na ya barabarani. Aliitwa kwa mjumbe aliyepanda farasi, akaenda maili kadhaa kwenye theluji, akazalisha au kukata mguu juu ya meza ya kulia chakula, kwa mwanga wa taa ya mafuta. Madaktari wa namna hiyo mara nyingi walilipwa kwa kuni, kuku au gunia la viazi, na mara nyingine kwa ahadi. William na Charles walikuwa wakimfuata baba yao kwenye safari hizo. Kuna kisa maarufu cha Charles, akiwa bado mvulana: daktari aliyekuwa akimpa mgonjwa etha alizimia katikati ya upasuaji, na mtoto akapanda juu ya kasha kuendelea kutoa nusukaputi huku baba akimalizia kushona.

Mayo alikuwa na tabia moja iliyomtenga na madaktari wengi wa mashambani. Kila alipoweza alifunga ofisi akaenda mashariki, New York na Pennsylvania, kutazama wapasuaji mashuhuri wanavyofanya kazi, hasa katika kuondoa uvimbe wa ovari, upasuaji ambao wengi waliuogopa kwa sababu kufungua tumbo kulikuwa sawa na kumkaribisha Israili. Katika safari mojawapo aliona hadubini za kisasa. Aliporudi alitaka moja, na bei yake ilikuwa dola 600.

Fedha hizo hakuwa nazo. Njia pekee ilikuwa kuiweka nyumba rehani, na kwa hilo ilibidi Louise akubali. Alikubali. Iliwachukua miaka kumi kumaliza deni hilo.

Mwenye kuchunguza daftari letu na aweke alama hapa. Hadubini ile ndiyo iliyowafundisha vijana wawili wa Rochester kwamba uvimbe hauhukumiwi kwa macho wala kwa vidole, bali hukatwa kipande chembamba, ukawekwa chini ya kioo, ukaulizwa. Miaka mingi baadaye kliniki yao ilisifika kwa kuchunguza kipande cha uvimbe kwa dakika chache, mgonjwa akiwa bado yuko juu ya meza. Jina la mwanamke aliyeihatarisha nyumba yake kwa ajili ya kioo hicho halimo kwenye vitabu vya upasuaji.

Kwa nini mji humchagua daktari

Mayo alikuwa diwani, akakaa kwenye bodi ya shule, na mwaka 1882 akachaguliwa meya. Alipovuka miaka 70 alikwenda mji mkuu wa jimbo kama seneta, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1890. Yeye mwenyewe alipenda siasa kama wengine wanavyopenda bao: alibishana, akanuna, akarudi mezani.

Mazoea haya hayakuwa ya Rochester peke yake. Katika miji midogo ya Marekani ya karne ile, daktari mara nyingi ndiye aliyekuwa meya, mjumbe wa bodi ya shule na msemaji wa sherehe. Sababu ni nyepesi kueleza. Mchungaji aliingia nyumba za waumini wake, na mwenye duka aliwaona wenye fedha, lakini daktari aliingia kila nyumba, na aliingia hadi chumbani. Alijua kisima cha nani kiko jirani na choo cha nani. Alijua ni mtaa upi uliopoteza watoto watatu kwa kuhara mwezi uliopita. Maarifa ya namna hiyo, yakibaki kwenye mkoba wa daktari, humtibu mmoja mmoja. Yakifika baraza la mji huwa mtaro, bomba la maji au amri ya kuhamisha machinjio.

Mwaka Mayo alipokuwa meya ndio mwaka ambao Robert Koch, mjini Berlin, alitangaza kuwa amempata mdudu wa kifua kikuu. Dhana ya kwamba maradhi huletwa na viumbe wasioonekana ilikuwa bado inabishaniwa hata na madaktari. Maana yake kisiasa ilikuwa kubwa: kama ugonjwa unasafiri kwa maji na maziwa, basi uzembe wa jirani ni jambo la umma. Charles ndiye aliyekuja kulibeba wazo hilo. Baada ya baba yake alikuwa kwa miaka mingi afisa wa afya wa Rochester, akipigania usafi wa maziwa na uzoaji wa taka, ingawa wakati huo tayari alikuwa mmoja wa wapasuaji wanaojulikana zaidi duniani.

Mama Alfred hakukubali jibu la hapana

Turudi kwenye kimbunga. Majeruhi waliolala ukumbini walihitaji wauguzi, na Mayo akaomba msaada kwa watawa wa Mtakatifu Fransisko. Masista hao hawakuwa wauguzi. Walikuwa walimu, na shirika lao lilikuwa na miaka sita tu tangu lianzishwe na Mama Alfred Moes, mzaliwa wa Luxembourg. Walikuja, wakajifunza kazi wakiifanya.

Wagonjwa walipotawanyika, Mama Alfred alimwendea daktari na pendekezo: mji ujengewe hospitali. Mayo alikataa. Mji ni mdogo mno, alisema, gharama ni kubwa, na hospitali zina sifa mbaya. Katika hilo la tatu hakukosea. Watu wa zama zile walizijua hospitali kama mahali pa maskini kwenda kufia, na mwenye uwezo alipasuliwa nyumbani kwake.

Mtawa hakubishana. Alimtaka aahidi jambo moja: kwamba masista wakijenga, yeye atakubali kuwa daktari wake. Mayo akaahidi, labda akidhani habari imeishia hapo. Masista wakaanza kubana. Waliishi kwa chakula cha kubahatisha, wakafundisha muziki, wakauza kazi za mikono, wakaweka senti juu ya senti kwa miaka kadhaa.

Tarehe 30 Septemba 1889 Hospitali ya Mtakatifu Maria ilifungua milango ikiwa na vitanda 27. Siku hiyohiyo Charles alimpasua mgonjwa mwenye uvimbe wa jicho, William akisaidia, na mzee wa miaka 70 akisimama kichwani mwa mgonjwa kutoa nusukaputi. Vijana waliokwenda kutafuta kichwa cha kondoo walikuwa wamefika walikokuwa wakienda.

Mwanzo haukuwa laini. Chuki dhidi ya Wakatoliki ilikuwa kali Marekani ya miaka ile, na kulikuwa na Waprotestanti waliochukia kuona daktari asiye Mkatoliki akifanya kazi chini ya msalaba wa watawa. Muuguzi pekee mjini aliyesomea kazi hiyo, Edith Graham, aliwafundisha masista. Baadaye aliolewa na Charles.

Mmojawapo wa masista hao, Mary Joseph Dempsey, alikuwa msaidizi wa William mezani kwa miaka mingi na kuiongoza hospitali kuanzia 1892 hadi alipofariki mwaka 1939. Alipokuwa akiwaosha wagonjwa kabla ya upasuaji, aligundua kwamba baadhi ya wenye saratani ya tumbo walikuwa na kinundu kigumu kitovuni, na kwamba hao, tumbo likifunguliwa, saratani ilikuwa imekwisha kusambaa. Alimwambia daktari, na daktari akaandika. Leo mwanafunzi wa udaktari, awe Muhimbili au Makerere, hukifahamu kinundu hicho kwa jina la Sista Mary Joseph. Kwa mara moja daftari liliandika jina la mdai.

Mkono wa mzee

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, treni zilikuwa zikishusha Rochester wagonjwa kutoka mbali na madaktari waliokuja kutazama upasuaji. Wana wa Mayo walikusanya wataalamu wa kila fani chini ya paa moja, wakawa na jalada moja kwa kila mgonjwa, na mwaka 1919 walikabidhi sehemu kubwa ya mali yao kwa taasisi isiyogawa faida kwa mtu yeyote.

Mzee hakuyaona yote hayo. Hata alipokaribia miaka 90 hakuweza kukaa bure. Alikuwa akijaribu namna ya kutengeneza alkoholi kutokana na mabaki ya mazao, na mwaka 1910 mashine ikamsaga mkono. Ukakatwa. Hakupona vizuri, na tarehe 6 Machi 1911 akafariki, miezi michache kabla ya kutimiza miaka 92. Louise alimfuata mwaka 1915.

Mifupa ya Marpiya Okinajin ilisubiri zaidi. Mwishoni mwa karne ya 20, baada ya Marekani kupitisha mwaka 1990 sheria ya kurudisha mabaki ya wenyeji kwa watu wao, mabaki yaliyotambuliwa yalikabidhiwa kwa Wadakota wakayazika upya. Mwaka 2018 wawakilishi wa kliniki walisafiri hadi Santee, Nebraska, wanakoishi wazao wa Wadakota waliofukuzwa Minnesota baada ya vita, wakaomba radhi hadharani. Pamoja na radhi hiyo walitangaza ufadhili wa masomo ya udaktari kwa mwanafunzi kutoka kwa wenyeji wa Amerika, uliopewa jina la Marpiya Okinajin.

Wiki ijayo: tunahamia kusini mwa Tanganyika, alikofika daktari Mwingereza Leader Stirling mwaka 1935, akapasua wagonjwa chini ya paa la nyasi huko Lulindi, na miaka 40 baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania.